Gia ya Nne Inapochelewa: Kabla Hujashusha Giaboksi

Gari la namna hii huwa linaletwa likiwa limekwisha kuhukumiwa. Mwenyewe anashuka, ananiambia, "Fundi, giaboksi imekufa." Namuuliza imekufaje. Anasema ovadraivu, yaani gia ya nne, haiingii mpaka atembee mwendo mrefu, na siku nyingine inaingia kisha inatoka yenyewe. Mimi hapo hata boneti sifungui. Naomba ufunguo, yeye anakaa pembeni yangu, tunaingia barabarani.

Nafanya hivyo kwa sababu nimeshuhudia giaboksi nzima ikishushwa, ikafunguliwa, ikawekwa klachi mpya, ikarudishwa, na gia ya nne ikaendelea kuchelewa vilevile. Inaniuma sana kuona hivyo. Kwenye magari ya zamani ya otomatiki, gia ya nne inayochelewa bila kuteleza mara nyingi inatoka kwenye giaboksi nzima kabisa inayofuata amri. Imeambiwa isubiri, nayo inasubiri. Tunachotafuta ni nani anaiambia hivyo, na wa kuwahoji ni watatu: joto la injini, mzigo (yaani umekanyaga mafuta kiasi gani) na mwendo wa gari.

Lakini kwanza hakikisha tunazungumzia gia ya nne kweli. Ondoka taratibu, mguu mwepesi, macho kwenye mshale wa mizunguko ya injini. Gari la gia nne litashusha mshale mara tatu kwa kubadili gia, halafu mara ya nne, kwa kiasi kidogo, ambayo si gia. Ile ni toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, inajifunga ili injini na giaboksi zizunguke pamoja. Watu wengi huhesabu vibaya hapo. Gia ya tatu kwa kawaida ni moja kwa moja, na ovadraivu ni kama 0.7 ya hiyo, kwa hiyo kwenye mwendo uleule, ukiwa na mizunguko 3000, gia ya nne ikiingia utaona karibu 2100. Konveta ikijifunga mshale unashuka mia chache tu. Ukiwa na shaka, shikilia mafuta palepale, kisha kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma. Mshale ukipanda kidogo, konveta ilikuwa imefunga na umeifungua. Fanya jaribio hili penye barabara tupu, hakuna gari nyuma yako.

Kisha sikiliza inavyoingia. Ikichelewa lakini ikaingia safi, kama kawaida yake, basi imechelewa kwa amri. Ikiwa kabla ya kushika injini inapaa ghafla kama umetia nyutro, hapo kuna kuteleza, na hiyo ni habari nyingine nitakayoirudia mwishoni.

Oili ipime mapema, maana haigharimu chochote. Ipime ya moto, gari likiwa tambarare, injini inaunguruma, baada ya kupitisha lever kwenye nafasi zote. Gari nyingi hupimwa zikiwa P, baadhi N, kitabu cha gari lako kitasema. Iwe nyekundu au imefifia kidogo. Ya kahawia iliyokoza yenye harufu ya kuungua inamaanisha klachi zimeshaunguzwa.

Sasa joto, ambalo ndilo linalonipatia majibu mengi kuliko yote. Kwenye giaboksi zinazoongozwa na kontrolboksi, yaani kompyuta ya gari, gia ya nne hairuhusiwi mpaka maji ya injini yafike joto fulani. Watengenezaji walikusudia hivyo: injini ipate moto haraka na isilemewe ikiwa bado baridi. Kwa hiyo kuchelewa kwa kilomita chache za kwanza, hasa asubuhi ya baridi, si ugonjwa. Ugonjwa ni pale injini isipopata moto kabisa.

Themostati, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikikwama wazi, au kama fundi fulani aliitoa miaka iliyopita ili kutibu gari lililokuwa likichemsha, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote. Ukisimama kwenye foleni yanapata moto. Ukitoka kwenye barabara wazi upepo unapiga rejeta, joto linashuka, na kontrolboksi inaondoa gia ya nne. Mwenye gari anaona maajabu: gari limetoka foleni likiwa zuri, limefika barabara kuu, penye haja ya ovadraivu, linagoma. Kwenye mteremko mrefu ni vibaya zaidi kwa sababu injini haifanyi kazi ya kuipa joto. Nilipata gari la hivyo ambalo mwenyewe alikwishaambiwa valvu za giaboksi zimechakaa. Nilifungua nyumba ya themostati nikaikuta tupu. Nikaweka themostati na gasketi, nikatoa hewa kwenye mfumo wa maji, na jioni ile gia ya nne ikaingia na kukaa.

Na usiiamini geji ya joto ya dashibodi peke yake. Kwenye magari mengi geji ina sensa yake na kontrolboksi ina nyingine. Mshale unaweza kukaa katikati vizuri huku kontrolboksi ikidhani ni asubuhi ya barafu. Sensa ya kontrolboksi upinzani wake hupungua joto linapopanda. Kwenye magari mengi ya Kijapani utapima kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Sasa fikiria plagi ya nyaya za sensa hiyo ikiwa na kutu. Kutu inaongeza upinzani, na upinzani mkubwa kwa kontrolboksi maana yake ni baridi. Nimesafisha plagi ya namna hiyo kwa brashi ndogo na kazi ikaishia hapo.

Joto likiwa sawa, nenda kwenye mzigo. Kuna jaribio moja ninalolipenda. Gari likiwa na moto, likiwa limeng'ang'ania gia ya tatu kwenye mwendo ambao kawaida ingekuwa ya nne, achia mafuta. Gia ya nne ikiingia papo hapo mguu unapoinuka, giaboksi inaambiwa umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga kweli. Kwenye zile zenye kebo kutoka kwenye trotili, yaani mlango wa hewa ya injini unaofunguliwa na pedeli ya mafuta, angalia kebo imekazwa kiasi gani. Kwa Toyota nyingi za aina hiyo, pedeli ikikanyagwa mpaka mwisho, kizuizi kilichobanwa kwenye waya kinatakiwa kiwe milimita 0 hadi 1 kutoka mwisho wa ganda la kebo. Ikikazwa kupita hapo, gia zote zinachelewa na zinaingia kwa kishindo.

Tafadhali sana hapa: usiilegeze kebo kupita kipimo ili gia iwahi. Itawahi kweli, na gari litaonekana laini, lakini kebo hiyohiyo ndiyo inayoongeza presha ya oili ya kubana klachi. Ukiilegeza, klachi zinashikwa kwa presha ndogo huku zimebeba nguvu ileile ya injini. Zinateleza kidogo kidogo bila wewe kusikia, mpaka zinaungua. Giaboksi iliyokuwa nzima inakufa kwa kurekebishwa.

Za zamani zaidi hutumia mvuto wa hewa wa injini badala ya kebo. Mpira unaopitisha mvuto huo ukipasuka au ukichomoka, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta mpaka sakafuni. Uchomoe mpira huo uchungulie ndani. Ukikuta oili ya giaboksi, utando wa ndani umechanika na injini inainywa oili. Ndiyo maana inapungua bila kuvuja popote na ekzosi inatoa moshi mweupe. Kwenye zile za umeme, sensa ya trotili ndiyo inayobeba ujumbe huo, na ikichakaa inadanganya vilevile. Injini dhaifu nayo inahusika. Plagi ya moto moja ikifa, unakanyaga zaidi kupata mwendo uleule, na gia inachelewa kwa haki.

Mwendo sina mengi ya kuuongelea. Za zamani zina gavana, kifaa kinachoijulisha giaboksi mwendo wa gari, na likikwama gia zote zinavurugika, si ya nne peke yake. Za umeme zina sensa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu) ikipepesa yenyewe kuna msimbo wa hitilafu umehifadhiwa. Unaunganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwenye plagi ya uchunguzi, swichi ya O/D ikiwa ON, unawasha swichi ya gari bila kuwasha injini, unahesabu mipepeso: 42 na 61 ni sensa za mwendo, 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme) za kubadili gia, 64 ni ya kufunga konveta. Solenoidi za gia hupima omu 11 hadi 15. Na kumbuka kwamba kwenye giaboksi ya Toyota kama A340E, gia ya nne hupatikana solenoidi zote mbili zikiwa hazina umeme. Nyaya zake zikikatika zote, ukiwa D unapata ya nne tu. Kwa hiyo ya nne ikikosekana, kulaumu koili iliyoungua ni kukimbilia upande usio wake. Tafuta kwa nini solenoidi ya pili haizimwi, au imekwama kwa uchafu.

Nirudi kwenye kuteleza. Umepima yote, joto sawa, mzigo sawa, mwendo sawa, na bado injini inapaa kabla ya nne kushika. Fungua sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi. Ute wa kijivu kidogo kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari lililotembea. Unga mweusi mwingi na vipande vya klachi si vya kawaida. Hapo shusha giaboksi, na usiendelee kulitembeza gari ukisubiri, maana uchafu ule unazunguka na oili mpaka kwenye valvu. Unapoirudisha, safisha kwanza mabomba na kipozeo cha oili, ambacho kwenye magari mengi kimo ndani ya rejeta. Uchafu wa giaboksi ya zamani umelala humo, na safari ya kwanza tu utarudi kwenye mpya.