Wanafunzi wa uuguzi wanavyoyaona mafunzo ya wodini

Kila kundi la wanafunzi wangu wa stashahada ya uuguzi na ukunga linaporudi chuoni kutoka mafunzo kwa vitendo, huwaomba waandike, bila kutaja majina, yaliyowafaa na yaliyowakera hospitalini. Uhaba wa glovu na vitanda hutajwa kwa kupita tu, kwani wengi wamekulia jirani na zahanati zenye uhaba huohuo. Kinachojaza kurasa ni namna walivyopokewa: aliyeitwa kwa jina lake wakati wa kukabidhiana zamu huandika kuhusu wagonjwa, ilhali aliyeitwa "nyie wa chuo" na kushinda akitumwa kupeleka sampuli maabara huandika kujihusu mwenyewe.

Jambo la pili ni tofauti kati ya darasa na wodi, na hakuna mahali inapoonekana wazi kama chumba cha kujifungulia. Tumewafundisha kwamba kila nusu saa wasikilize mapigo ya moyo wa mtoto, wahesabu mikazo ya uchungu kwa dakika 10, kisha wajaze patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, papo hapo. Wakifika huko wanamkuta mkunga mmoja mwenye kinamama watano, akijaza chati baada ya mtoto kuzaliwa, nao huandika kwamba ni uzembe. Kuhesabu mikazo ya watano hao peke yake kunahitaji dakika 50 katika kila dakika 30, kwa hiyo lawama hiyo naiona nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba patografu iliyojazwa baadaye haimwokoi mtu, maana kazi yake ni kuonya mapema. Tena wapo waliosoma kuanza kuijaza mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, wakakutana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaoanzia 5, pasipo mtu wa kuwaeleza sababu.

Halafu kuna kitabu cha stadi, ambamo msimamizi husaini kila kazi aliyoifanya mwanafunzi. Mwanafunzi anayetakiwa kupata sahihi kadhaa za kuweka mpira wa mkojo humfuata muuguzi mwisho wa zamu, kitabu mkononi, naye husaini kazi ambayo hakuiona ikifanyika. Wanafunzi wenyewe hulisema hili kwa uchungu kuliko wakufunzi. Kwa kundi lijalo nimependekeza sahihi chache zaidi, kila moja ikiambatana na sentensi mbili za msimamizi kuhusu alichokiona kwa macho yake.