Kwa nini taa huwaka papo hapo ilhali elektroni hutambaa polepole kuliko konokono?

Swali hili huwajia wanafunzi wa kidato cha tano baada ya kukokotoa, si kabla. Wamepewa kanuni ya mkondo, I = nAvq (I ni mkondo, n ni idadi ya elektroni huru katika kila mita ya ujazo, A ni eneo la waya, v ni kasi ya elektroni, q ni chaji ya elektroni moja), wameweka tarakimu mahali pake, na jibu limetoka dogo mno hata wanafuta na kuanza upya. Ukimkuta mtoto katika hali hiyo, jambo la kwanza la kumwambia ni kwamba huenda hajakosea.

Tuikokotoe pamoja. Nyumba ina umeme wa jua wenye betri ya volti 12, na taa ya wati 12. Mkondo basi ni ampea 1. Waya ni wa shaba, wa milimita 1.5 za mraba, ule ambao mafundi huutumia sana kwenye nyaya za taa. Katika shaba kila atomi huachia elektroni moja iwe huru, na ukitumia uzito wa shaba na namba ya Avogadro (inayogeuza uzito kuwa idadi ya atomi) utapata elektroni huru 8.5 × 10²⁸ katika kila mita ya ujazo. Chaji ya elektroni moja ni kulombi 1.6 × 10⁻¹⁹.

Hapa wengi huteleza kwenye eneo la waya. Milimita 1.5 za mraba si 1.5 × 10⁻³ za mita ya mraba, ni 1.5 × 10⁻⁶, kwa sababu ile elfu moja inagawanya mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Ukikosea hapo, kasi itatoka ndogo mara elfu kuliko inavyotakiwa. Ukipatia, zidisha n, A na q. Utapata takribani 20,400. Gawanya ampea 1 kwa namba hiyo: mita 0.00005 kwa sekunde. Yaani milimita 0.05 kwa sekunde, au chini kidogo ya sentimita 18 kwa saa nzima. Konokono wa bustanini, anayekwenda kama milimita moja kwa sekunde, anaiacha mbali elektroni hiyo. Kama waya kutoka kwenye swichi hadi kwenye taa una urefu wa mita 10, elektroni iliyoanza safari swichini ingefika baada ya saa 57 hivi, zaidi ya siku mbili.

Lakini taa haisubiri siku mbili. Haisubiri hata kupepesa jicho.

Jibu linaanza na jambo moja jepesi: waya hauko mtupu. Elektroni zimejaa humo tangu siku ulipotengenezwa, katika shaba ya waya na ndani ya taa yenyewe. Mpira wa kumwagilia bustani ukiwa umeshajaa maji, ukifungua koki maji hutoka upande wa pili mara moja, na si yale yaliyotoka kwenye koki sasa hivi. Mfano huu naupenda, ila hausemi ni kitu gani kinachozisukuma elektroni za mbali zianze kwenda. Kitu hicho ni uga wa umeme, yaani ile nguvu ya chaji inayoenea na kuzisukuma chaji nyingine bila kuzigusa. Unapowasha swichi, chaji zilizo juu ya uso wa waya hujipanga upya, na mpangilio huo pamoja na uga wake huenea kuufuata waya kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Katika waya wa kawaida wenye ganda la plastiki ni kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mita 10 humalizwa kwa sehemu 50 za bilioni moja za sekunde, na elektroni zote njiani zinaanza kujikokota karibu kwa pamoja.

Kuna kasi ya tatu pia, na naona hii ndiyo inayowavuruga wengi. Kabla swichi haijawashwa elektroni hazijatulia. Mwaka 1900 mwanafizikia Paul Drude alizichukulia kama gesi ndani ya metali. Kwa hesabu ya namna hiyo, joto la kawaida la chumbani hutoa mwendo wa kama kilomita 100 kwa sekunde. Fizikia mpya ikasahihisha. Wolfgang Pauli alionyesha mwaka 1925 kwamba elektroni mbili haziwezi kukaa katika hali moja ileile, na Arnold Sommerfeld akaitumia kanuni hiyo kwenye metali: elektroni zinapangana kutoka chini kwenda juu, na zile za juu kabisa katika shaba hukimbia kama kilomita 1,570 kwa sekunde, hata baridi iwe kali namna gani. Ila zinakimbia kila upande, hivyo mwendo wa hii unafutwa na wa ile. Fikiria kundi la nyuki linalosogezwa na upepo mdogo: kila nyuki anaruka kwa kasi huku na kule, lakini kundi zima linasogea taratibu. Kule kusogea kwa kundi ndiko I = nAvq inakokupimia.

Kwamba uga ndio unaobeba habari, bahari iliwahi kuonyesha kwa gharama kubwa. Mwezi Agosti 1858 Malkia Victoria alimtumia Rais James Buchanan wa Marekani salamu za maneno 98 kwa waya wa kwanza uliopita chini ya Atlantiki. Zilichukua saa 16. Shaba ilikuwa shaba, na elektroni zake zilikuwa hizihizi. Lakini waya ule ulifunikwa kwa utomvu wa gutapacha na kuzungukwa na maji ya chumvi, ukawa kama kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) ndefu mno ambayo ilibidi ijazwe chaji na kumwagwa kwa kila alama. Mwanafizikia William Thomson alikuwa ameshaeleza jambo hilo kwa hesabu kabla waya haujalazwa.

Tumezungumzia umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja. Umeme wa gridi hugeuza mwelekeo na kurudi mara 50 kila sekunde. Kwa mkondo uleule wa ampea 1, elektroni haipati nafasi ya kwenda popote. Inacheza mbele na nyuma mwendo usiofika hata sehemu moja ya mia ya unene wa unywele. Tena njiani kuna transfoma, na ndani yake koili inayopokea umeme na ile inayoutoa kwa kawaida hazigusani kwa waya. Uga wa sumaku tu ndio unaovuka. Maji ya Mto Ruaha Mkuu yakizungusha mitambo ya umeme ya Kidatu, nishati inafika Dar es Salaam kufumba na kufumbua, lakini hakuna elektroni ya Kidatu iliyofika. Zile zinazotikisika kwenye taa yako jioni hii zilikuwa humohumo tangu ulipoinunua dukani, na uniti unazonunua za LUKU ni malipo ya kuzitikisa.