Je, wajua kwa nini msimamizi wa nyambizi ya kwanza ya nyuklia hakuwahi kuongoza nyambizi yoyote?

Ukiwauliza watu mradi mkubwa wa uhandisi wa kijeshi hukabidhiwa nani, wengi watataja mmoja kati ya wawili: kamanda aliyejipatia sifa baharini au vitani, au mvumbuzi aliyeleta wazo lenyewe. Hyman Rickover, ofisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyesimamia ujenzi wa USS Nautilus, nyambizi ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu ya nyuklia, hakuwa yeyote kati ya hao.

Tuanze na ukamanda. Rickover alihitimu chuo cha jeshi hilo mwaka 1922, akapata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1929, kisha akatumikia ndani ya nyambizi S-48 na kufuzu masharti ya kuwa kamanda wa nyambizi. Nyambizi yenyewe hakupewa. Chombo pekee alichowahi kukiongoza ni USS Finch, meli kuukuu ya kuondoa mabomu ya baharini iliyokuwa katika maji ya China, nayo aliishika kwa miezi michache tu ya mwaka 1937. Mwaka huohuo alihamia kundi la maofisa wa uhandisi, ambao kwa kanuni za jeshi hilo hawapewi tena meli ya kuongoza. Kwa macho ya wenzake huko kulikuwa ni kujizika ukiwa hai, ingawa ndiko hasa njia yake ilikoanzia.

Uvumbuzi nao haukuwa wake. Ross Gunn, mwanafizikia wa maabara ya utafiti ya jeshi hilo, alikuwa ameshapendekeza nyambizi ya nyuklia mwaka 1939. Aliyetetea kinu cha nyuklia (mtambo unaozalisha nguvu hiyo) kinachopozwa kwa maji yenye shinikizo ni Alvin Weinberg wa Oak Ridge, maabara ya utafiti wa nyuklia huko Tennessee; kinu kilitengenezwa na kampuni ya Westinghouse, na mwili wa nyambizi uliundwa na Electric Boat huko Groton, Connecticut. Rickover mwenyewe alifika Oak Ridge mwaka 1946 akiwa mwanafunzi wa fani ya nyuklia, tena mwenye umri wa miaka arobaini na kitu.

Basi alileta nini? Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza kitengo cha umeme katika idara ya ujenzi wa meli, na hapo alijijengea desturi ya kukagua michoro ya wakandarasi badala ya kuipitisha kwa sahihi. Desturi hiyo ilipata nguvu mwaka 1949, alipopewa vyeo viwili kwa pamoja. Sheria ya mwaka 1946 ilikuwa imeweka mambo ya atomiki chini ya Tume ya Nishati ya Atomiki, chombo cha kiraia, ilhali meli zilibaki chini ya jeshi. Rickover aliongoza kitengo cha vinu vya meli pande zote mbili.

Ili kuona uzito wa jambo hili, fikiria harusi ambayo pesa zinashikwa na wazee wa familia, na ukumbi na chakula vinapangwa na kamati. Kila kamati inapohitaji kubadili kitu, ombi hupelekwa kwa wazee, wazee hukutana Jumapili, huuliza maswali, ombi hurudishwa, na tarehe inazidi kukaribia. Chakula kikipungua, kamati itasema wazee walichelewesha, na wazee watasema kamati haikueleza vizuri. Sasa mweke mtu mmoja awe katibu wa kamati na papo hapo msemaji wa wazee. Ombi atakaloliandika asubuhi atalijibu mwenyewe mchana, na sherehe ikiharibika hana wa kumsukumia lawama. Husimuliwa kwamba Rickover alifanya hivyo hasa, akijiandikia barua kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Pengine kisa hicho kimetiwa chumvi, lakini mfumo uliowezesha kisa hicho ulikuwepo kweli.

Mfumo huo ulimruhusu kuamua jambo ambalo kamati mbili zingelibishania kwa miaka: kinu cha majaribio kilijengwa katika jangwa la Idaho, kikiwa kimepangwa kama kitakavyokaa ndani ya nyambizi, huku Nautilus yenyewe ikiundwa Groton. Kinu hicho kiliwaka mwaka 1953, na tarehe 17 Januari 1955 Nautilus iliondoka bandarini kwa nguvu ya nyuklia. Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo baraza la kupandisha vyeo lilimruka mara mbili, na kwa kanuni alipaswa kustaafu. Aliokolewa na Bunge lililoingilia kati, akapata uadmirali mwaka 1953.

Hata hivyo, si haki kumpa msimamizi mmoja sifa zote, kwani pesa za Vita Baridi zingeweza kubeba hata usimamizi wa wastani. Mamlaka yake pia yalikuwa na mpaka. Nyambizi USS Thresher ilipozama Aprili 1963 na watu 129, uchunguzi ulielekeza shaka kwenye mabomba ya maji ya bahari, sehemu ambayo haikuwa chini ya ofisi yake. Na mwaka 1985, baada ya kustaafu, alikemewa rasmi kwa zawadi alizopokea kutoka General Dynamics, kampuni mama ya Electric Boat. Anayekaa kiti kimoja muda mrefu hivyo huwa karibu mno na wakandarasi.

Leo mhandisi wa Marekani anayetaka kusimamia miradi ya ulinzi hupita njia iliyoandikwa. Sheria ya mwaka 1990 inadai elimu, mafunzo na uzoefu wa kazi ya ununuzi wa silaha, na ilipotungwa ilimtaka msimamizi wa mradi mkubwa akae kwenye nafasi yake hadi hatua kuu ya mradi iliyo karibu zaidi na mwaka wake wa nne kazini. Ofisi ya vinu vya meli ina kanuni yake. Februari 1982, mara tu Rickover alipoondoka, Rais Reagan alitia sahihi amri iliyobakiza vyeo vyote viwili mikononi mwa mkurugenzi mmoja, na kumpa muhula wa miaka minane.