Kabla ya Kuuliza Kaliba: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Bastola za Nusu Otomatiki

Anayetafuta bastola yake ya kwanza huanza na swali lile lile: "Kaliba gani ndiyo nzuri?", yaani risasi ya upana na aina gani. Nimewafundisha watu kulenga shabaha kwa miaka mingi, na karibu sikumbuki aliyeanza kwa kuuliza kama kidole chake kinaifikia triga, kile kifyatulio, bila kuusokota mkono. Kuulizia kaliba si kosa. Shida ni majibu anayopewa, maana mengi ni maneno ya vijiweni yaliyopokezanwa mdomo kwa mdomo. Baadhi humfanya mtu anunue silaha asiyoiweza. Mengine huua.

"Kaliba kubwa ndiyo yenye nguvu"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Weka risasi mbili mezani. Moja ni 9mm Parabellum, iliyobuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Nyingine ni .45 ACP ya John Browning, iliyotengenezwa kwa ajili ya bastola ambayo jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwaka 1911. Ya Browning ni nene, fupi, na kichwa chake, ile sehemu inayoruka, kimeviringana. Ya Luger inaonekana kama mdogo wake wa mwisho. Zipime mkononi na tofauti utaihisi: kichwa cha kawaida cha .45 kina uzito wa gramu 14.9, cha 9mm gramu 7.5 tu. Nusu kwa nusu. Hapo wengi huwa wameshakata shauri.

Lakini hesabu haijaisha. Kichwa cha .45 hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 260 hivi kwa sekunde, na cha 9mm kwa mita 360 hivi. Nishati ya kitu kilicho mwendoni hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito kwa mwendo, kisha kwa mwendo tena, ndiyo maana mwendo ukiongezeka kidogo nishati hupanda sana. Ukimaliza hesabu utapata jouli 500 hivi kwa .45 na jouli 485 hivi kwa 9mm. Kaka na mdogo wake wanakaribiana kabisa. Siri iko ndani ya ganda, linalobeba baruti. Viwango vya viwanda vya Marekani huiruhusu 9mm kufikia shinikizo la paundi 35,000 kwa inchi ya mraba, wakati .45 huishia 21,000. Ganda dogo, lakini gesi yake inasukuma kwa nguvu zaidi.

Ambapo .45 inaizidi 9mm waziwazi ni kwenye teke, yaani bastola inavyorudi nyuma ikifyatuka. Teke hufuata uzito mara mwendo, bila kuuzidisha mwendo mara ya pili, na hapo .45 iko juu kwa zaidi ya theluthi moja. Teke hilo linaishia kwenye kifundo cha mkono wako. Isitoshe, risasi nene hujaza haraka magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini: bastola ya 1911 ilibeba risasi 7, Glock 17 inabeba 17 za 9mm.

Kuna waliojifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 11 Aprili 1986, katika mapambano ya risasi huko Miami, maafisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa. Lawama kubwa iliangukia risasi moja ya 9mm ambayo haikupenya kwa kina cha kutosha. Shirika likahamia kaliba ya milimita 10. Wengi wa maafisa wakashindwa na teke lake, na mwaka 1990 ikazaliwa .40 S&W (Smith & Wesson), ambayo kimsingi ni ile ya milimita 10 iliyofupishwa ganda na kupunguzwa ukali. Polisi wa Marekani waliikimbilia kwa wingi. Wakati huohuo FBI walianza kupima kila risasi kwa kuipiga ndani ya jelatini, utomvu mgumu unaoiga nyama ya mwili, wakidai ipenye sentimita 30 hadi 46, na watengenezaji wakalazimika kuunda upya vichwa vya risasi. Vile vya 9mm vilipofaulu mtihani huo, sababu ya kuvumilia teke la .40 ikatoweka. Mwaka 2016 FBI walichagua tena bastola za 9mm. Miaka 30 ya mzunguko, na walirudi walikotoka. Hoja zao zilikuwa nyepesi kueleweka: maafisa walilenga vizuri zaidi, walirudi kwenye shabaha upesi zaidi, na magazini ilibeba zaidi.

"Ukimpiga mtu na .45 anarushwa nyuma"

Sinema zimefanya kazi yake. Newton alishalijibu hili: msukumo unaokwenda mbele ni sawa na ule unaorudi nyuma. Kama risasi ingeweza kumrusha mtu, basi na aliyefyatua angerushwa, tena zaidi kidogo, kwa sababu mkono wake unabeba pia teke la gesi. Uchukue msukumo wote wa kichwa cha .45 uuingize katika mwili wa kilo 70: mwili huo utapata mwendo wa sentimita 6 hivi kwa sekunde. Mtoto anayetambaa anakwenda kasi kuliko hapo.

Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu anayeamini kwamba silaha yake ina nguvu za ajabu huacha kujali shabaha. Risasi iliyokosa ni risasi iliyokosa, iwe ya kaliba gani, na itaendelea kusafiri hadi ikutane na kitu. Au na mtu.

"9mm ni 9mm"

Hapana. Kuna 9x17, inayoitwa pia .380 ACP, ambayo Browning aliitoa mwaka 1908. Kuna 9x18 ya Makarov, ya Kisovieti. Kuna 9x19, na hiyo ndiyo ambayo watu wengi humaanisha wakitamka "9mm" peke yake. Namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Na hata ile namba ya kwanza si ya kuaminiwa kwa macho, kwani kichwa cha Makarov kina upana wa milimita 9.27, kikubwa kuliko vile vingine viwili ambavyo viko karibu na 9.0. Ukiyapanga maganda ya hizo tatu kwenye kiganja, mgeni hawezi kuapa ipi ni ipi.

Majina ya inchi, kama .45, nayo yana mitego yake. Ukiisoma .380 kama inchi utapata milimita 9.65, ilhali kichwa chenyewe hakifiki hapo. Majina mengi ya kaliba ni urithi wa kihistoria na wa kibiashara. Kwa hiyo usinunue risasi kwa kukisia wala kwa kulinganisha ukubwa. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au kwenye slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na mbele, kisha soma yaliyogongwa kwenye kitako cha ganda, kuizunguka fataki inayowasha baruti. Yasipolingana, rudisha risasi kwenye kisanduku.

"Bastola ndogo inamfaa anayeanza, hasa mwenye mikono midogo"

Ushauri huu hutolewa kwa mapenzi mema, na umewaharibia wengi. Mume humnunulia mkewe bastola ya kuingia mfukoni, ya .380, yenye uzito wa gramu 270 hivi, akiamini amemrahisishia. Siku ya kwanza uwanjani yule mama anapiga risasi tatu, anaiweka silaha mezani, na hataki tena kuigusa.

Teke hugawanywa kwa uzito wa bastola. Kichwa cha .380 kina gramu 6.2 na hutoka kwa mita 290 hivi kwa sekunde. Bastola ya gramu 270 italazimika kurudi nyuma kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Sasa chukua bastola kubwa ya 9mm, iliyojazwa, yenye gramu 900: pamoja na risasi kali zaidi, inarudi kwa mita 3 tu. Kaliba "dogo" limepiga teke kwa kasi maradufu. Juu ya hapo, mpini mfupi unaacha kidole cha mwisho kikining'inia hewani, na umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni mdogo kiasi kwamba kosa la unywele mmoja linakuwa kosa la kiganja kizima kwenye shabaha.

Slaidi ni mtihani mwingine. Bastola nyingi za .380 za mtindo wa zamani, mfano Walther PPK, hazina mtambo wa kuufunga mtutu na slaidi pamoja wakati wa mlipuko. Kinachoizuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na springi ngumu. Springi hiyo ndiyo unayopambana nayo kila ukiivuta slaidi kwa mkono. Bastola nyingi za 9mm hujifunga, kwa hiyo springi yake inaweza kuwa laini zaidi, na teke lake huja kama msukumo badala ya kofi. Mwenye mikono isiyo na nguvu aijaribu slaidi kwanza, kabla ya kuulizia jambo lingine lolote.

Kwa anayeanza, mimi humpa .22 LR. Wapo wanaoidharau kama kitu cha kuchezea. Risasi hii iko tangu 1887, na ndiyo inayotumika kwenye mashindano ya bastola ya mita 25 ya Olimpiki. Teke lake ni hafifu, kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi kufumba macho. Anayezoea kufumba macho na kukaza mkono kabla ya mlio huhitaji miezi kuiacha tabia hiyo. Akishatulia na .22, apande 9mm ya ukubwa wa kati au mkubwa.

Mpini nao upimwe. Shika bastola tupu kwa mkono mmoja, mtutu ukinyooka mbele kwa mstari mmoja na mfupa wa mkono wako, kisha tazama kama katikati ya ncha ya kidole cha shahada inakaa juu ya triga. Kama inafika kwa tabu tu, bastola hiyo si yako, hata kama ina sifa dunia nzima. Nyingi za siku hizi zina migongo ya mpini ya kubadilisha, omba zote uzijaribu.

Zipo dhana nyingine ambazo hazihitaji maneno mengi. Nusu otomatiki haimaanishi inamwaga risasi mfululizo: kila ukivuta triga inatoka moja, gesi au teke linatoa ganda na springi inaingiza nyingine. Springi ya magazini haichoki kwa sababu tu magazini imekaa imejaa. Kinachoichosha zaidi ni kujazwa na kumwagwa mara elfu. Rivolva, ile bastola yenye gurudumu la risasi, nayo hukwama, na ikikwama mara nyingi inahitaji fundi. Kwa upande wa nusu otomatiki, ile ya Browning ilipofanyiwa majaribio mwezi Machi 1911 ilipiga risasi 6,000 bila kukwama. Na mlio wa bastola ya 9mm hufikia desibeli 160 hivi, wakati sikio linaweza kuumia papo hapo kuanzia 140. Masikio yaliyokufa hayafufuki, vaa kinga kila mara.

"Nimeshatoa magazini, haina risasi"

Nimeiacha hii hadi hapa kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi.

Magazini ni ghala tu. Risasi itakayofyatuka haiko ghalani, iko chembani, nyuma ya mtutu, na ukichomoa magazini yenyewe inabaki palepale. Baadhi ya bastola, kama Browning Hi-Power ya 1935, zilitengenezwa zisiweze kufyatua magazini ikiwa nje. Nyingi hazina kizuizi hicho. Glock haina. Ile ya 1911 haina.

Kosa la pili ni la mpangilio. Mtu anaivuta slaidi kwanza, risasi inaruka nje, anaridhika, ndipo anachomoa magazini. Hajui kwamba slaidi iliporudi ilichota nyingine kutoka ghalani ikaiweka chembani. Ana magazini mkononi, ana risasi moja sakafuni aliyoiona kwa macho yake, na bastola yake imejaa.

Wala sefti, kile kizuizi cha usalama, isikutulize. Kuna bastola zisizo na swichi yoyote ya kidole gumba. Vizuizi vyake viko ndani, na vinaachia mara triga inapovutwa. Zenye swichi nazo hutegemea kipande cha chuma kinachoweza kuchakaa.

Kwa hiyo kila mwanafunzi wangu mpya nampa bastola yenye risasi bandia za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki, na ninamwambia tu aitoe risasi. Wengi huchomoa magazini, wanaiweka mezani, wananitazama. Ninaivuta slaidi mbele yao. Ile iliyobaki chembani inaruka, inagonga meza, inabingirika hadi kwenye vidole vyao. Huwa kimya kwa muda. Kisha tunaanza upya: mtutu kwenye upande salama, kidole nje ya triga, magazini nje kwanza, slaidi inavutwa mara kadhaa, inafungwa ikiwa nyuma, macho yanaangalia chembani, kisha ncha ya kidole kidogo inaingia kugusa. Hiyo ya kidole tunaifanya hata mchana kweupe, kwa sababu ipo siku atalazimika kuifanya gizani.