Gego la mwisho: ling'olewe au liachwe?

Gego la mwisho huota mtu akiwa ameshakua, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25, ndiyo maana likaitwa jino la hekima. Wapo wanaoota yote manne, wapo wanaoota mawili, na wapo wasioota hata moja. Wote hao ni wazima. Shida ni yale tunayoambiana kuhusu jino hili, kwa sababu kuna watu wamekaa na usaha mdomoni kwa miezi kwa kuyaamini.

"Likianza kuuma tu, ling'oe."

Kuuma kwa siku mbili tatu wakati jino linapasua fizi ni jambo la kawaida. La kutazama ni jinsi lilivyokaa. Limesimama wima? Limetoka lote? Mswaki unalifikia mpaka nyuma? Kama ndivyo, liache litafune. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, ilitoa mwongozo mwaka 2000 kwamba gego lililokwama lakini halina ugonjwa lising'olewe kwa kujihami tu. Wapo madaktari wanaopendelea kung'oa mapema, na hoja yao ina uzito: mizizi ya kijana bado haijakomaa, na kidonda chake hupona upesi. Mimi naona uamuzi huo ufanywe baada ya picha ya eksirei, si kwa umri peke yake.

"Haliumi, basi ni zima."

Hii ndiyo inayoniumiza moyo zaidi. Gego lililolala, kichwa kimeegemea jino jirani, linaweza kukaa miaka bila kukusumbua. Pale yanapogusana chakula hunasa na mswaki haupiti, na jirani yule, jino zuri ambalo lingekutumikia mpaka uzeeni, anatoboka ubavuni. Siku maumivu yanapoanza, unaweza kukuta meno mawili yameharibika. Mara chache hutokea pia uvimbe wenye majimaji ndani ya taya, unaokula mfupa kimya kimya, na huo kwa kawaida hugunduliwa kwa eksirei.

"Nilimeza antibiotiki, nikapona."

Simama mbele ya kioo na tochi, ufungue mdomo. Ukiona gego la chini limechungulia nusu, na kipande cha fizi kimelifunika mgongoni kama kope iliyofumba kidogo, ujue chini yake pana mfuko. Punje za chakula huingia humo, bakteria huzaliana, fizi huvimba. Ikishavimba, gego la juu huikanyaga kila unapotafuna, nayo huvimba zaidi. Mdomo hunuka, unaonja usaha, na taya hukaza hadi kijiko kinapita kwa taabu.

Antibiotiki huweza kutuliza hali hiyo, hasa kama una homa au uvimbe umesambaa, lakini mfuko unabaki pale pale. Tiba huanza kwa usafi: daktari huingiza maji chini ya fizi kwa bomba la sindano mpaka uchafu utoke, nawe nyumbani unasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Tatizo likirudia mara ya pili au ya tatu, hapo kung'oa ni haki yake. Na tafadhali usibandike aspirini kwenye fizi. Inaiunguza, unaishia na vidonda viwili.

"Uking'oa la juu, macho yanaharibika."

Hapana. Neva ya kuonea na neva ya meno ni mbili tofauti. Tahadhari ya kweli iko kwa gego la chini, kwa kuwa neva inayopita ndani ya taya huwa karibu na mizizi yake. Ikijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu vinaweza kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na kwa wachache daima. Muulize daktari wako, kabla hajaanza, mizizi yako iko umbali gani na neva hiyo.

"Yanasukuma meno ya mbele yapandane."

Tafiti hazijathibitisha hilo. Meno ya mbele hubanana kadiri umri unavyokwenda, hata kwa wasio na magego haya.

"Ukishang'oa, sukutua mpaka damu iishe."

Damu iliyoganda shimoni ndiyo kifuniko cha kidonda. Uma shashi kwa nusu saa bila kuichungulia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija, usivute sigara. Donge hilo likitoka, mfupa hubaki wazi, na baada ya siku mbili tatu huja maumivu makali yanayopanda hadi sikioni. Usiyavumilie, rudi kwa daktari akusafishe na kuweka dawa shimoni.

Lakini uvimbe ukishuka shingoni, ukashindwa kumeza mate au kupumua vizuri, usingoje miadi wala asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.