Boksi la Foamu Halipoozi Samaki

Wanaoanza biashara ya kupeleka minofu ya sangara Ulaya huniuliza kwanza kuhusu ndege: shirika gani, kilo wanatoza kiasi gani, inatua wapi. Mimi huwauliza kuhusu barafu ya mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka ziwani. Nimesimamia ubora wa minofu viwandani Mwanza kwa muda mrefu, na ninachokiamini ni hiki: ubaridi wa samaki hutengenezwa kabla ya uwanja wa ndege. Baada ya hapo unaulinda tu, au unaupoteza.

Lile boksi jeupe la foamu halipoozi kitu. Kazi yake ni kuchelewesha joto kupita, kuingia na kutoka vilevile. Ukifungia humo mnofu wenye nyuzi 1, utakaa na ubaridi wake kwa saa nyingi. Ukifungia mnofu wenye nyuzi 9, boksi litazitunza nyuzi 9 hizo kwa uaminifu uleule, na vifuko viwili vya jeli utakavyoweka juu vitapooza safu ya juu tu. Ndege nayo haitakuokoa. Sehemu ya mizigo iliyo chini ya abiria si jokofu, na kukiwa na wanyama hai humo joto linaweza kuongezwa kwa ajili yao.

Kuna kanuni ya makadirio tunayoitumia sana katika kazi hii: samaki aliye kwenye nyuzi 10 huharibika kwa kasi ya takriban mara 4 ya aliye kwenye nyuzi 0, na kwenye nyuzi 5 ni zaidi ya mara 2. Kwa hiyo saa 6 za uzembe kwenye nyuzi 10 zimekula siku nzima ambayo mnofu ungekaa kwenye barafu ya muuzaji. Siku hiyo hairudi hata ukiupooza upya.

Turudi kwenye barafu. Sangara anatoka ziwani na joto la maji, kama nyuzi 25. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya takriban kilojuli 334, na kumshusha samaki wa kilo 1 hadi nyuzi 0 kunahitaji kama kilojuli 90. Kwa hesabu ya daftarini, kilo 1 ya barafu ingetosha samaki wa kilo 3 na nusu. Mtumbwini hesabu hiyo haisimami, kwa sababu kuna jua, kuna sanduku lisilozuia joto, kuna saa za kungoja boti ya kukusanya. Ndiyo maana katika ukanda wetu wa joto tunashika kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, tabaka la barafu, tabaka la samaki, na maji yapate pa kutokea chini. Nawaelewa wavuvi wanaoibana barafu: wanainunua, na mara nyingi bei ya mwaloni haimtofautishi aliyeitumia na asiyeitumia. Kwa maoni yangu hapo wenye deni ni wanunuzi. Mlipe zaidi aliyeleta samaki wa baridi, barafu itapatikana.

Kiwandani mimi siruhusu boksi lifungwe mpaka sindano ya kipimajoto iingie katikati ya mnofu mnene kuliko yote. Sheria ya Ulaya inataka samaki mbichi awe karibu na joto la barafu inayoyeyuka, na hiyo ndiyo namba ninayotaka kuisoma. Minofu inafungwa kwenye nailoni, chini yake karatasi ya kunyonya maji, kisha boksi lisilovuja. Maji ya samaki hula bati la ndege na harufu yake haitoki, hivyo mashirika mengi hayapokei barafu ya kawaida. Utatumia jeli au barafu kavu, yaani hewa ukaa iliyogandishwa. Barafu kavu ina nyuzi 78.5 chini ya sifuri na inahesabiwa kuwa mzigo hatari, namba yake ya kimataifa ikiwa UN 1845. Uzito wake lazima uandikwe nje, na boksi lazima liweze kupumua, maana hewa ukaa ikibanwa hupasua. Isiguse mnofu kabisa: ukiganda, hauwezi tena kuuzwa kama mbichi.

Safari ya lori, iwe kupitia mpaka wa Sirari kwenda Nairobi au wa Mutukula kwenda Entebbe, inategemea makaratasi kuliko injini. Wakongwe wa Mwanza wanakumbuka jinsi Umoja wa Ulaya ulivyowafungia mlango samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja kati ya 1997 na 1999, kwa hofu ya vijidudu, kisha ya sumu iliyodaiwa kutumiwa kuvulia. Cheti cha afya chenye kosa moja kinaweza kuliacha lori mpakani usiku kucha. Kikaguliwe kabla lori halijawashwa.

Uwanjani ninaogopa saa moja tu kuliko zote, ile ambayo mzigo uliokwisha kupangwa unakaa juani ukingoja ndege. Nailoni inayopitisha mwanga iliyofunikwa juu yake inanasa joto la jua, kwa hiyo dai blanketi linaloakisi. Na nauli ya bei nafuu inayobadilisha ndege Ghuba mwezi Julai, ambako nje ni zaidi ya nyuzi 40, usiikubali kabla hujaambiwa chumba cha baridi kiko wapi na mzigo unaingia humo baada ya dakika ngapi.

Weka kirekodi joto, kifaa kinachoandika joto safari nzima, kati ya minofu, si chini ya kifuniko. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, mpokeaji ana siku 14 za kulalamika kwa maandishi mzigo ukifika umeharibika, lakini msafirishaji halipi ikiwa ubovu ulikuwa ndani ya bidhaa yenyewe. Mpokeaji wako apime mbele ya wakala siku ileile, apige picha ya kipimajoto kikiwa ndani ya mnofu, na akutumie grafu ya kirekodi kabla mabaki hayajatupwa.