Kwotabeki, kipaji chake na faili la tabia

Kila ifikapo Aprili, drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikikaribia, naulizwa swali lile lile kwa sura mbalimbali: timu imchukue kwotabeki mwenye kipaji kikubwa ambaye tabia yake inatiliwa shaka, au aliye chini yake kidogo lakini hana doa? Kazi yangu ni kutazama video za makwotabeki wa vyuo vikuu na kuwaandikia makocha ripoti, kwa hiyo watu hutarajia jibu la neno moja. Silitoi, kwa sababu ndani ya hiyo “tabia” kuna mambo yasiyofanana kabisa, na timu zinazoyapima kwa kipimo kimoja ndizo zinazoumia.

Kwa mliokulia kwenye soka, niseme kidogo. Drafti ni zamu ya timu 32 kuchagua wachezaji wanaotoka vyuoni, raundi 7, na timu iliyofanya vibaya msimu uliopita hutangulia. Kwotabeki ndiye anayewatangazia wenzake mpango kabla ya kila shambulizi, anaupokea mpira, na ana sekunde tatu hivi za kuamua aupeleke wapi huku majitu ya kilo 130 yakimjia. Mchezaji wa nafasi nyingine akiwa na kasoro, kocha mjanja humfichia. Kwotabeki hana pa kufichwa.

Mwaka ninaoupenda kuufundishia ni 2015. Tampa Bay Buccaneers walikuwa na chaguo la kwanza, na mbele yao walikuwapo washindi wawili wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo: Jameis Winston wa Florida State, aliyeitwaa 2013, na Marcus Mariota wa Oregon, aliyeitwaa 2014. Mariota hakuwa na mtu wa kumsema vibaya. Faili la Winston lilikuwa nene. Mwanafunzi mwenzake alimtuhumu kumbaka mwishoni mwa 2012. Winston alikana, na Desemba 2013 mwendesha mashtaka akatangaza kwamba hatamfungulia kesi. Aprili 2014 alitoka dukani na miguu ya kaa bila kulipa. Septemba mwaka huo chuo kilimsimamisha mechi moja kwa kupayuka maneno machafu hadharani.

Tampa wakamchukua Winston. Tennessee Titans, waliokuwa na chaguo la pili, wakamchukua Mariota. Ratiba nayo ikawakutanisha mechi ya kwanza kabisa ya msimu. Pasi ya kwanza ya Winston katika NFL ilinaswa na mpinzani na kurudishwa hadi tachidauni, yaani bao la mchezo huu. Mariota alirusha tachidauni nne kabla ya mapumziko, na Titans wakashinda 42 kwa 14. Siku ile kila aliyekuwa amepiga kura ya “tabia kwanza” alikuwa na la kusema.

Lakini fuatilia mpaka mwisho. Oktoba 2019 Mariota aliwekwa benchi, Ryan Tannehill akachukua nafasi yake. Winston alimaliza msimu huo na yadi 5,109 za pasi, tachidauni 33 na pasi 30 zilizonaswa na wapinzani. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 30 na 30 katika msimu mmoja. Wote wawili waliondoka kwenye timu zilizowachagua mwaka 2020. Msafi na mwenye madoa wakafikia kituo kimoja: kuwa makwotabeki wa akiba kwingine.

Nini basi kilichomtoa Winston Tampa? Si miguu ya kaa. Ni pasi zilizonaswa, na hizo zilikuwa wazi kwenye video. Katika msimu wake wa mwisho wa chuo alinaswa mara 18. Aliona mwanya mahali ambapo mlinzi alikuwa tayari amesimama, na aliamini mkono wake utamwokoa. Wakati huohuo waliofanya naye kazi walimsifu kwa kujituma na kwa kuujua mchezo. Mbele ya ubao wa mbinu hakuwa mtoto wa darasa la kwanza. Kwa upande wa kazi, faili lake lilikuwa zuri kuliko watu walivyodhani. Kwa upande wa namna alivyowatendea watu nje ya uwanja, shaka hazikuishia chuoni: mwaka 2018 ligi ilimsimamisha mechi 3 baada ya uchunguzi wake kubaini kwamba alimgusa dereva wa kike wa Uber isivyofaa, Machi 2016. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kusumbuana. Ndiyo maana sikubali kuandika alama moja ya “tabia” kwenye ripoti.

Tabia inayotabiri mchezo ni nyembamba kuliko watu wanavyofikiri. Mimi natafuta kitu kimoja hasa: mtu huyu akishindwa hadharani, Jumatatu anafanya nini? Mfano ambao hauchuji ni wa 1998. Peyton Manning wa chuo cha Tennessee na Ryan Leaf wa chuo cha Washington State walikuwa wakibishaniwa hadi wiki ya drafti yenyewe, na wapo wasaka vipaji waliompenda Leaf zaidi kwa sababu ya mkono wake. Indianapolis Colts, waliokuwa na chaguo la kwanza, walimchukua Manning. San Diego Chargers, ili wapande nafasi moja tu, kutoka ya tatu hadi ya pili, wampate Leaf, waliipa timu ya Arizona chaguo la raundi ya pili, la raundi ya kwanza la mwaka uliofuata, na wachezaji wawili.

Watu husahau kwamba msimu wa kwanza wa Manning ulikuwa wa maumivu. Pasi zake 28 zilinaswa, rekodi ya mgeni wa ligi, yaani mchezaji wa msimu wa kwanza, na Colts walishinda mechi 3 kati ya 16. Leaf naye alinaswa mara 15 kwa tachidauni 2 tu. Mechi moja kule Kansas City alifanikisha pasi 1 kati ya 15, yadi 4. Siku iliyofuata kamera zilimnasa akimfokea mwandishi wa habari kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Manning alirudi kwenye video na kuyachambua makosa yake. Leaf alipambana na waandishi, na wenzake, na uongozi, na mwaka 2001 Chargers wakaachana naye. Baadaye dawa za maumivu zilimfikisha gerezani Montana. Leo yuko huru na amekuwa akieleza waziwazi habari za uraibu na kupona kwake, jambo linalonifanya nisite kila ninaposikia mtu akisema binadamu habadiliki. Hubadilika. Ila mkataba wa mgeni ni wa miaka minne, na timu haiwezi kusubiri kumi.

Dalili zilikuwapo? Moja ndogo: kwenye kambi ya kuwapima wachezaji wa drafti, Indianapolis, Leaf hakufika kwenye mahojiano na Colts. Mwenyewe alisema ratiba zilichanganyika, na huenda ni kweli. Dalili halisi huwa ndogo hivyo, na kwa yeyote anayetaka kumpenda mchezaji, kila dalili ina maelezo.

Johnny Manziel simmalizii maneno mengi. Texas A&M, Heisman akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, 2012, wa kwanza kufanya hivyo; kutazama miguu yake ilikuwa raha tupu. Cleveland Browns walipanda kutoka nafasi ya 26 hadi ya 22 ili wampate 2014, alianza mechi 8, akashinda 2, na Machi 2016 akaachwa. Magazeti yaliandika sherehe na pombe. Kwangu kubwa zaidi ni lililosimuliwa miaka mingi baadaye: tableti aliyopewa na timu ya kutazamia video za wapinzani ilikuwa haitumiki. Kwotabeki anayekesha kwenye muziki Ijumaa lakini ameshasoma ulinzi wa wapinzani anaweza kucheza Jumapili. Asiyesoma hawezi, hata akilala saa mbili usiku.

Sasa pesa, maana watu huzungumzia hatari kana kwamba bei yake ni ile ile siku zote. Hadi 2010 chaguo la kwanza lilikuwa la kufilisi. Sam Bradford, mwaka huo, alipata mkataba wa miaka 6 wenye dola milioni 50 za uhakika. Miaka mitatu nyuma Oakland Raiders walikuwa wamemlipa JaMarcus Russell zaidi ya milioni 30 za uhakika, na Mei 2010 wakamwacha akiwa ameshinda mechi 7 kati ya 25 alizoanza. Makubaliano mapya ya ligi na wachezaji ya 2011 yakaweka viwango: Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, alisaini miaka 4 kwa milioni 22 hivi. Ghafla kukosea kukawa rahisi mfukoni. Kinachopotea sasa ni muda, misimu miwili au mitatu, na kazi ya kocha. Ndiyo maana naona timu zikithubutu zaidi kuliko zamani, na meneja mkuu aliyekalia kuti kavu akithubutu kuliko wote. Ukitaka kujua kama timu itamchukua mwenye madoa, angalia kwanza mkataba wa meneja unaisha lini.

Newton ananipeleka kwenye takataka za faili, yaani haiba. Alikuwa na mambo ya kuuliza kweli: akiwa chuo cha Florida mwaka 2008 alikamatwa kwa kompyuta ya wizi, mashtaka yakafutwa baada ya kutimiza masharti, na baadaye baba yake akachunguzwa kwa kumtafutia fedha chuo kingine. Uliza hayo, sawa. Lakini kabla ya drafti kulichapishwa pia tathmini iliyodai tabasamu lake ni la bandia. Tabasamu! Alivuka yadi 4,000 msimu wake wa kwanza, akawa mgeni bora wa mwaka upande wa ushambulizi, na 2015 akawa mchezaji bora wa ligi nzima.

Makwotabeki weusi wamelipa kodi ya haiba kwa muda mrefu. Warren Moon hakuchaguliwa kabisa 1978, huku timu zikitaka abadili nafasi. Alikwenda Edmonton, Kanada, akatwaa ubingwa mara 5 mfululizo, kisha akarudi na kuishia kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Lamar Jackson 2018 aliombwa ajaribiwe kama mpokea pasi, akachaguliwa wa 32, na amekuwa mchezaji bora wa ligi mara 2. Weupe nao huguswa, ingawa kwa namna tofauti: Dan Marino alishuka hadi nafasi ya 27 mwaka 1983, nyuma ya makwotabeki 5, huku uvumi wa dawa za kulevya ukimfuata bila ushahidi wowote. Mwaka uliofuata alirusha yadi 5,084. Baker Mayfield alichomeka bendera ya chuo chake, Oklahoma, katikati ya uwanja wa Ohio State na kukamatwa na polisi kwa ulevi mwaka huohuo. Wengi waliona mtoto mtovu wa adabu, mimi niliona mtu aliyejiunga na vyuo viwili bila ufadhili na kunyakua nafasi kote kuwili. Cleveland walimchagua wa kwanza 2018. Hapo nasimama na video: kiburi kikimfanya mtu asome zaidi, ni sehemu ya kipaji.

Na jinsi habari hizi zinavyokusanywa, ungeshangaa. Mahojiano rasmi ya Indianapolis hayazidi dakika 20. Katika dakika hizo mtu aliyefundishwa na wakala wake anakupa majibu aliyoyakariri, na wewe unapata nafasi nzuri ya kujiaibisha. Mwaka 2010 meneja mkuu wa Miami alimuuliza Dez Bryant, mpokea pasi, kama mama yake alikuwa kahaba, na ikabidi aombe radhi. Ukitaka kujua dereva wa basi anaendeshaje, usimuulize tajiri mwenye basi, muulize konda. Mimi nampigia mtunza vifaa wa chuo. Namuuliza kijana anaweka wapi taulo lake baada ya kufungwa. Naongea na mwalimu wa masomo ya ziada, na kwotabeki wa akiba aliyehamia chuo kingine, maana yeye hana deni la kumsifu. Nataka habari ya vitendo, yenye siku na mahali. “Ni kijana mzuri” siiandiki popote, wala “ana kiburi”.

Linabaki tuhuma la kumdhuru mtu, hasa mwanamke. Hili nalitoa kwenye ripoti yangu kabisa na kulipeleka juu. Mtathmini wa pasi hana haki ya kusema kwamba yadi 300 zinafidia kitu, wala hana ujuzi wa kuchunguza kosa la jinai. Liamuliwe na mmiliki, kwa wachunguzi na wanasheria, kabla jina halijawekwa kwenye ubao wa wanaofikiriwa kuchaguliwa. Likishawekwa, watu wazima huanza kutafuta sababu za kulibakiza.

Hata hilo lina mpaka wake, kwa sababu faili la drafti huishia siku ya drafti. Deshaun Watson alichaguliwa wa 12 na Houston mwaka 2017, bingwa wa taifa na Clemson, bila doa. Kimbunga Harvey kilipopita alitoa malipo ya mechi yake ya kwanza kwa wafanyakazi wa mkahawa wa timu walioathirika. Mwaka 2021 wanawake zaidi ya 20 walimfungulia kesi za madai, wakimtuhumu kwa matendo ya kingono wakati wa kukandwa misuli. Alikana, mabaraza mawili ya mahakama Texas hayakumshtaki. Machi 2022, kesi za madai zikiwa bado hazijaisha, Cleveland walitoa machaguo 3 ya raundi ya kwanza na mengine madogo ili wampate, wakamsainisha dola milioni 230, zote za uhakika. Kati ya hizo, mshahara wa msingi wa mwaka wa kwanza, ambao hukatwa mchezaji akisimamishwa, uliandikwa kuwa milioni 1.035 tu. Ligi ikamsimamisha mechi 11.